Tupeane uzoefu: pilipili ya nyumbani inaponyauka, kujikunja au kuoza, ulitambuaje chanzo chake?

Mwanzisha mada, Mukono

Ndugu wanachama, naomba tukusanye uzoefu wetu juu ya jambo moja tu, nalo ni namna kila mmoja alivyotambua kilichokuwa kikiidhoofisha pilipili yake, iwe hoho au ile kali tunayoiita kaamulali, kabla hajaamua la kufanya. Siombi orodha ya dawa. Dawa zinapatikana katika kila kituo cha biashara, na muuzaji mara nyingi huwa amekwisha kushika chupa kabla mteja hajamaliza kueleza shida yake. Ninachoomba ni kueleza dalili ya kwanza ilionekana wapi, yaani katika majani ya chini au ya juu, shina, mizizi au tunda. Ilienea kwa namna gani. Na ni kipimo gani kilichokuondolea shaka.

Nianze na langu. Hoho zilizokuwa zimeanza kutoa maua zililegea mchana zikiwa bado za kijani kabisa, zikajiinua jioni, na baada ya siku chache hazikuinuka tena. Nilichimba kwa kidole nikakuta udongo una unyevu wa kutosha, na hapo ndipo uchunguzi ulipoanza, kwa sababu mche unaolegea katika udongo mkavu unadai maji, lakini unaolegea katika udongo wenye unyevu umeharibika mizizi au njia zake za kupitishia maji. Nilikata shina karibu na ardhi, nikashikilia kipande chake ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache uzi mwembamba wa rangi ya maziwa ulianza kushuka kutoka mahali palipokatwa. Huo ndio mnyauko wa bakteria. Bakteria hao hukaa udongoni kwa muda mrefu na hushambulia pia nyanya, biringanya, viazi mviringo, nakati (mboga ya majani) na ntula (nyanya chungu), na hakuna dawa ya kuuponya mche uliokwisha kuambukizwa. Niliing'oa miche hiyo pamoja na udongo wa mizizi yake, sikuitupa kwenye mboji, niliosha jembe, na tuta lile sasa nalipanda mahindi.

Mchangiaji wa Jinja

Ahsante kwa kulianzisha hili. Kipimo cha glasi nimekitumia, na kwangu maji yalibaki safi, jambo ambalo lilinisaidia kwa kiasi kilekile, kwa kuwa lilinielekeza kutazama kwingine. Shina lilikuwa na mkanda wa kahawia iliyokoza pale linapogusana na udongo, na miche yote iliyokufa ilikuwa upande wa chini wa bustani, ambako maji ya mvua hutuama. Vimelea vinavyoozesha shina kwa namna hiyo huogelea katika maji ya udongoni, ndiyo maana ugonjwa hufuata mteremko. Nilichimba mfereji na kuinua matuta, na miche iliyopandwa juu ya matuta hayo katika msimu wa Septemba ilisimama vizuri.

Naongeza jambo ambalo wengi hulipita, yaani kung'oa mche mmoja mgonjwa na kuosha mizizi yake. Kwa jirani yangu pilipili zilikuwa zimedumaa kwa mafungumafungu, zikiwa na rangi ya njano hafifu na kulegea saa za jua kali, na mizizi ikaonekana imejaa vinundu. Hao ni minyoo fundo. Kwa kuwa wengi wetu tunalima maharage, inafaa kukumbuka kwamba vinundu vya maharage, ambavyo ni vya manufaa, hubanduka kwa ukucha, ilhali vya minyoo ni uvimbe wa mzizi wenyewe na haviwezi kutolewa bila kuukata mzizi.

Mchangiaji wa Mbale

Mimi nitazungumzia majani yanayojikunja, kwa sababu naamini ndilo tatizo linalosababisha watu wengi kunyunyiza dawa isiyohusika. Jirani akiona jani limejikunja husema ni wadudu, hununua dawa ya wadudu, hunyunyiza, na hali huzidi kuwa mbaya. Tafadhalini, tazameni kwanza jani limejikunja kuelekea wapi.

Katika bustani yangu nimekutana na hali mbili. Msimu mmoja wa kiangazi kingo za majani zilikunjika kuelekea juu, na upande wa chini wa majani ulikuwa na mikwaruzo ya rangi ya fedha. Nilitandaza karatasi nyeupe chini ya ncha za matawi na maua, nikayagonga taratibu, na wadudu wembamba wa rangi ya manjano wakaanza kukimbia juu ya karatasi. Hao walikuwa vithiripi, ambao hupenda ukavu na hujificha ndani ya maua.

Hali ya pili ilinisumbua zaidi. Majani machanga ya juu kabisa yalikuwa membamba, magumu, yenye kingo zilizokunjika kuelekea chini, na sehemu yake ya chini ilikuwa na mng'ao wa shaba. Maua yalidondoka, na matunda machache yaliyobaki yalikuwa na ngozi ya kahawia iliyokwaruzika. Kwenye karatasi sikuona kitu chochote. Nilichukua tawi moja, nikalifunga katika mfuko na kulipeleka kwenye kliniki ya mimea iliyokuwa ikifanyika siku ya gulio, na mtaalamu aliponipa lenzi ya kukuzia niliona utitiri wadogo mno ambao jicho tupu haliwezi kuwaona. Alinieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye pilipili alijue: utitiri si mdudu wa kawaida mwenye miguu sita, na dawa nyingi za wadudu hazimuui bali huwaua maadui zake wa asili, ndiyo maana baada ya kunyunyiza huongezeka. Nilikata ncha zilizoathirika nikazichoma, nikatumia salfa jioni wakati jua limepungua, kwa kuwa salfa katika joto kali huunguza majani. Ncha mpya zilitoka zikiwa sawa, na hicho ndicho kilikuwa kithibitisho cha mwisho.

Mchangiaji wa Arua

Nakubaliana na dada wa Mbale, ila kuna mkunjo wa tatu ambao haukuletwa na vithiripi wala utitiri, nao ni wa batobato. Tofauti yake ni rangi. Jani lenye batobato lina mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichopauka yaliyochanganyika, mara nyingi likiwa limekunjamana, na mche hudumaa. Hivi ni virusi, na mche ulioambukizwa hauponi. Vidukari ndio wanaoeneza aina kadhaa za virusi hivi, na kwa kuwa huviambukiza kwa kuonja jani kwa muda mfupi sana, dawa ya kuwaua vidukari huchelewa, maana kidukari anayekuja kutoka nje huwa amekwisha kuambukiza kabla hajafa. Ndiyo sababu mimi hung'oa mche wa kwanza ninaouona na kung'oa magugu yanayozunguka bustani.

Jambo lingine linahusu huku kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako tumbaku imelimwa kwa miaka mingi. Virusi vya batobato ya tumbaku hushambulia pilipili pia, na hukaa hata katika tumbaku iliyokaushwa, hivyo anayevuta sigara au anayeshika majani ya tumbaku anaweza kuvipeleka kwenye miche kwa mikono yake. Nyumbani kwetu mtu hunawa kwa sabuni kabla ya kupandikiza.

Mchangiaji wa Mbale

Kwa heshima, mzee wangu, mche ambao tayari umebeba matunda mimi siung'oi, ikiwa ndio peke yake uani na hakuna miche michanga karibu yake. Matunda yake yanalika. Lakini mche mchanga wenye mabaka nakubali kwamba hauna sababu ya kubaki.

Mchangiaji wa Bweyale

Nina mkunjo wa nne, na huu haukuwa ugonjwa. Pilipili zilijisokota, majani ya juu yakawa membamba kama nyuzi na vikonyo vikapinda. Kilichonizindua ni kwamba nyanya na maharage yaliyokuwa kwenye mstari uleule yalikuwa na hali hiyohiyo na kwa wakati uleule. Ugonjwa kwa kawaida huanzia kwenye mche mmoja na kuenea polepole, na ni nadra kushambulia mimea ya koo tofauti kwa siku moja. Kwa hiyo nilianza kuuliza yaliyofanyika badala ya kutafuta vimelea, na ikabainika kwamba bomba la kunyunyizia tulilokuwa tumeazima lilikuwa limetumika katika shamba la mahindi kuweka dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Dawa ya namna hiyo huacha mahindi salama, lakini masalia yake kidogo tu katika bomba huitesa pilipili. Sasa tuna bomba la bustani lisiloingia shambani. Na kama mtu anaishuku samadi au udongo kuwa na mabaki ya dawa hiyo, apande maharage machache katika kopo lenye udongo huo na mengine katika udongo anaouamini, kisha alinganishe majani yake ya kwanza.

Mchangiaji wa Bombo

Mimi hupanda katika jerikeni zilizokatwa, kwa hiyo shida zangu ni za tunda. Kitako cha hoho huwa na baka kavu la kahawia lililo kama ngozi. Chanzo ni upungufu wa kalsiamu katika tunda, lakini mara nyingi kalsiamu imo udongoni na kinachokosekana ni maji ya kuifikisha, kwani chombo hukauka siku mbili kisha hufurikishwa. Kumwagilia kwa kipimo kila siku na kuweka matandazo ya nyasi kulimaliza tatizo kwenye matunda yaliyofuata.

Chule, ugonjwa wa ukungu, ni kitu kingine. Baka lake linaweza kuwa popote kwenye tunda, ni la duara, limebonyea, lina pete ndani ya pete, na wakati wa mvua hutoa ute wa rangi ya chungwa iliyofifia. Mbegu za tunda hilo zisitunzwe.

Mchangiaji wa Luweero

Matunda yakipevuka rangi kabla ya wakati na kudondoka, yapasueni. Mkikuta kiwavi mwenye kichwa cha kahawia na miguu, ni wa nondo. Mkikuta funza asiye na kichwa kinachoonekana wala miguu, ni wa nzi wa matunda. Hapa jambo hili halihusu bustani peke yake, kwa sababu wapo majirani wanaouza pilipili nje, na tangu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya umeweka masharti makali dhidi ya nondo mmoja wa aina hiyo. Matunda yaliyodondoka huokotwa kila siku, hufungwa katika mfuko wa plastiki na kuachwa juani hadi viwavi wafe. Kuyatupa chini ya mti wa parachichi ni kumlea nondo huyo.

Mwanachama mpya, Kira

Salamu kwenu. Majani ya chini ya hoho zangu yamekuwa ya njano na yanadondoka. Je, ni ukosefu wa mbolea?

Mwanzisha mada, Mukono

Karibu, ndugu. Huenda ni mbolea, lakini tafadhali liangalie jani asubuhi likiwa mkabala wa jua. Likiwa la njano lote bila doa lolote, na mche mzima umepauka, naitrojeni imepungua. Likiwa la njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki ya kijani, magnesi ndiyo inayokosekana. Likiwa na vidoa vidogo vya kahawia vilivyozungukwa na njano, na upande wa chini vinaonekana kana kwamba vimelowa maji, hayo ni madoa ya bakteria. Tueleze pia unamwagilia kwa namna gani.

Mwanachama mpya, Kira

Vidoa vipo, na vimelowa kwa chini kama ulivyoeleza. Namwagilia kwa kopo kutoka juu, jioni.

Mwanzisha mada, Mukono

Basi weka maji kwenye shina, tena asubuhi, ili majani yasilale yakiwa yameloa. Chuma majani yenye vidoa siku ya ukavu uyachome, usiguse miche ikiwa na umande, na mbegu za hoho hizi usizipande msimu ujao. Mbolea haitaondoa vidoa hivyo, kwa hiyo usiinunue kwa sasa.