STI GRB inagonga: ovahoo, injini ya Japani au bloku ya 2.5?

Boksa_Arusha

Wakuu, habari za jioni. Nina Impreza STI ya 2008, GRB ya soko la Japani, injini EJ207. Imeanza kugonga chini. Fundi kaisikiliza, kasema beringi za konrodi zimekwisha. Nimebaki na njia tatu na mwisho wa mwezi lazima niwe nimeamua:

1. Kushusha injini na kufanya ovahoo hapa hapa Arusha.
2. Injini nzima iliyotumika Japani. Nimeonyeshwa moja Gerezani, Dar.
3. Bloku ya 2.5, yaani EJ257, kisha nihamishie silinda hedi zangu.

Bajeti milioni kumi na mbili. Ipi bora? Naomba walioshika hizi injini, sio wale wa "uza nunua Crown".

Mzee wa Spana

Hapo hujauliza kitu, mkuu. Imetembea kilometa ngapi? Oili gani, na ilikuwa imepungua kiasi gani siku ilipoanza kugonga? Turbo ni ya kiwandani? Ekzosti imebadilishwa? Kuna mapu ya kompyuta (mafuta na taimingi kupangwa upya) au iko kama ilivyotoka Japani? Na huo mlio unausikia ikiwa ya baridi au ya moto?

Hili la mwisho ndilo kubwa. Pistoni ikicheza ndani ya silinda, inapiga kelele asubuhi na kunyamaza injini ikipata moto. Beringi ya konrodi ni kinyume chake: oili ikipata moto inakuwa nyepesi na mlio unazidi, hasa ukishika mzunguko wa 2,500 halafu ukaachia pedali kidogo. Chomoa soketi ya koili ya silinda moja, sikiliza, rudisha, nenda nyingine. Silinda ambayo ukiizima mlio unafifia, hiyo ndiyo yenye beringi mbovu. Zoezi lote lisizidi dakika mbili, kisha zima na usiiwashe tena. Kila dakika inayozunguka inamwaga chuma kwenye turbo.

Baada ya hapo mwaga oili kupitia kitambaa cheupe. Filta ikate kwa kifaa cha kufungulia makopo au mkasi wa bati, usitumie gurudumu la kusagia maana litajaza vumbi lake mwenyewe. Kunjua karatasi uitazame juani. Na usije na sumaku ukasema "haijanasa, kwa hiyo salama". Tabaka la beringi linaloliwa ni alumini au shaba, sumaku hailishiki.

EJ_Nairobi

Bosi, mimi nakwambia namba mbili. Hesabu ya ovahoo ikifanywa sawasawa inazidi bei ya injini nzima, na bado unategemea mkono wa fundi. Ila ukienda Gerezani usinunue kwa macho. Wakufungie gia boksi na stata pale chini, plagi zote nne nje, throto wazi, betri iliyojaa, upime kompresheni. Ukikuta 150 hadi 170 psi na tofauti kati ya silinda haivuki asilimia kumi, endelea kuongea bei. Silinda namba 4 ikiwa chini peke yake, ondoka.

Na jambo watu hawasemi: namba inategemea mwinuko. Dar ni usawa wa bahari, Arusha ni kama mita 1,400, Nairobi karibu 1,700. Injini ile ile iliyosoma 165 Dar itasoma kama 140 ukiipima Arusha, kwa sababu hewa ni nyepesi. Watu wengine wamezikataa injini nzima kabisa kwa kulinganisha vipimo vya Nairobi na namba za kitabu.

Kama muuzaji ana kompresa, pima na uvujaji pia. Hewa ikitokea mdomo wa oili ni ringi, ikitokea ekzosti ni vavu, rejeta ikitoa mapovu ni gasketi ya hedi.

DadaTurbo

Kaka EJ, umesahau kwamba Gerezani kila EJ20 yenye turbo inaitwa "injini ya STI". Boksa, angalia namba iliyogongwa juu ya bloku, upande wa nyuma karibu na kengele ya gia boksi. Isome EJ207. Hata ikisoma hivyo, ulizia imetoka kwenye gari gani. GRB ina AVCS (mfumo wa oili unaobadili taimingi ya vavu) kwenye kamshafti za kuingiza na za kutoa, kwa hiyo solenoidi nne. EJ207 za GDB, yaani STI ya kizazi kilichotangulia GRB, zina AVCS upande wa kuingiza tu, na zile za mwanzo ni turbo ya skrol moja (njia moja ya kupokea moshi). Ukipewa ya GDB utalazimika kuhamisha hedi zako, na hapo umeshafungua injini uliyoinunua ili usifungue injini.

Pia ongeza vitu ambavyo injini ya Japani haifungwi bila kubadilishwa: mkanda wa taimingi pamoja na tenshena na puli zote, pampu ya maji, sili za mbele na nyuma, pampu ya oili au angalau kukaza skrubu za kifuniko chake cha nyuma, maana hulegea zikavujisha presha ndani kwa ndani. Na bomba la kunyonya oili. La kiwandani linapasuka kwenye ungio la kuchomelea, pampu inanyonya hewa, beringi zinakwenda. Mkanda usiuonee huruma, ukikatika vavu zinakutana na pistoni.

Boksa_Arusha

Asanteni. Kilometa 148,000. Oili natumia 20W-50. Mlio ni ikiwa ya moto. Ekzosti ni inchi tatu kuanzia kwenye turbo hadi mwisho, katalisti nilitoa. Mapu sijaweka. Geji inaonyesha busti (presha ya turbo) inafika 1.5 nikikanyaga.

Mzee wa Spana

Ndiyo haya tuliyokuwa tunayatafuta, na wewe umeyaweka mwisho kama salamu.

GRB ya Japani imepangwa kwa petroli yao ya haioku, ambayo kwa kawaida ni RON 100. Ya pampu zetu haifiki hapo. Wewe umeondoa kizuizi cha ekzosti, busti imepanda kupita ilivyopangwa, na kompyuta haijui. Inachelewesha taimingi kila inaposikia detonesheni (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda), lakini kila mara pigo limeshashuka kwenye pistoni, konrodi na beringi. Njia yoyote utakayochukua kati ya hizo tatu, bila mapu itakurudisha hapa hapa. Toa pesa ya mapu na geji ya uwiano wa hewa na mafuta kwanza, kisha ndiyo uhesabu injini.

Subi_Tegeta

Nani kakushauri 20W-50 kwenye EJ yenye AVCS? Ile mifereji ni miembamba na baadhi ya boliti zake zina vichujio vidogo ndani. 5W-40 sintetiki, kila kilometa 5,000, na dipstiki kila ukijaza tanki. Sampu inachukua lita nne na kitu. Ikipungua lita moja kwenye kona ndefu, pampu inakula hewa.

Kibo4x4

Tusidanganyane, 20W-50 haijaua injini hii. Joto la huku kwetu, beringi zilizokwisha kulika, oili nzito inasaidia presha. Wanaokimbiza magari wanatumia hadi 10W-60.

Subi_Tegeta

Wanaokimbiza wamejenga injini yenye nafasi za beringi zilizoachiwa kwa makusudi na wanaipasha moto kabla ya kukanyaga. Huyu asubuhi ya Arusha anawasha na kuondoka. Na oili nzito kwenye beringi iliyokwisha inaficha ugonjwa tu.

Fundi_Kombo

Kabla hujachagua ovahoo, soma hii. Kuna GDB ilifunguliwa karakana moja (sitaitaja) kwa tatizo kama lako: beringi ya silinda ya 3. Kranki ikapelekwa kuchongwa andasaizi 0.25, silinda zikasuguliwa ndani (honi) kwa mkono, ringi mpya, gasketi mpya, kazi ikaonekana safi. Baada ya kilometa 900 presha ya oili ikiwa moto kwenye mzunguko wa chini ikashuka chini ya psi 8. Kitabu kinataka angalau kPa 98, yaani kama psi 14, kwenye mzunguko wa 700, na kPa 294 kwenye 5,000. Mwenye gari akaambiwa swichi ya oili ndiyo mbovu, ikabadilishwa. Kilometa 200 mbele ikagonga.

Iliposhushwa mara ya pili, makosa manne yalikutwa. Kwanza, streina ya oili ilikuwa imezibwa nusu na nyuzi za silikoni. Nusu mbili za bloku ya boksa hufungwa kwa silikoni ya maji maji, mstari mwembamba wa kama milimita 1. Wao walipaka ya bomba, ikaminywa ndani na kudondokea kwenye sampu. Pili, kranki za injini hizi zimetiwa ugumu juu juu tu. Ukichonga 0.25 unakula lile tabaka, na jiwe la kuchongea halikuacha mviringo kwenye kona ya jenali (pale beringi inapokaa), likaacha ukingo mkali. Ufa ulionekana kwa macho baada ya kuoshwa. Tatu, nafasi za beringi hazikupimwa kabisa. Kiwanda kinataka takribani milimita 0.02 hadi 0.045 kwenye konrodi, na pale ilikutwa 0.09.

La nne ndilo linalowaumiza wengi. Kile kipoza oili kinachokaa kati ya filta na bloku walikiosha kwa petroli wakakirudisha. Haiwezekani kukisafisha, vipande vinajificha kwenye mapezi ya ndani na vinatoka oili ikishika moto. Kwenye beringi mpya zilikutwa chembe za beringi ya zamani. Kipoza kinabadilishwa, turbo inafunguliwa au inabadilishwa, boliti zenye vichujio za turbo na AVCS zinatolewa, na hedi zinavuliwa kabisa. Kama bajeti yako haina kipoza na turbo, usiite ovahoo.

EJ_Nairobi

@Fundi_Kombo umenisaidia kuuza injini ya Japani 😂

Fundi_Kombo

Sijauza kitu. Kipoza kile kile kichafu kikihamishiwa kwenye injini ya Gerezani kitaiua vilevile. Ovahoo nzuri ipo: kranki mpya au iliyotumika yenye saizi ya kiwandani, honi kwa bamba la torki lililofungwa kwenye bloku ili silinda ikae kama hedi imekazwa, kipimo kwa mikromita na geji ya silinda. Kabla ya kuwasha, chomoa sensa ya kranki, piga stata mpaka taa ya oili izime. Oili ya kwanza mwaga baada ya nusu saa, ya pili kilometa 500, na kila filta uikate. Tatizo ni kupata mwenye bamba la torki la EJ.

Meru_25

Mbona hamjagusa namba 3? Kwenye mwinuko wa Arusha hewa ni chache, ujazo ndio unaosaidia. EJ257 ni silinda ya milimita 99.5 na stroku ya 79, dhidi ya 92 kwa 75. Unapata nguvu chini kabisa kabla turbo haijaamka. Na EJ25 ziliuzwa sana Marekani, kwa hiyo bloku mpya na vipuri vya kujengea ni vingi.

DadaTurbo

Na kingo za pistoni zinazobeba ringi zinavunjika sana, hasa silinda ya 4. Pistoni zake ni za kumimina, detonesheni kidogo tu zinapasuka. Huyu ametoka kutwambia ana busti 1.5 bila mapu! Halafu hedi zake zina chemba za silinda ya 92, ukizikalisha juu ya 99.5 lazima uhesabu upya kompresheni na uchague gasketi inayolingana. Ataipoteza na ile raha ya kuzungusha hadi 8,000. Kwa bloku ya 2.5 ningesema pistoni za kufuliwa (foji) au usianze.

Meru_25

Kwa pistoni za kufuliwa sawa. Sijasema afunge kama ilivyo.

Boksa_Arusha

Nimeelewa habari ya mapu. Swali la pembeni: injini ikiwa chini, naweza kubadilisha hedas (mabomba ya ekzosti yanayotoka kwenye silinda hedi) nipate ule mlio wa Subaru wa kunguruma? Yangu inalia kama gari la kawaida.

Subi_Tegeta

Injini inakufa na wewe unataka mlio 😅 GRB ya Japani ni turbo ya skrol mbili. Silinda 1 na 2 zinatoka pamoja, 3 na 4 pamoja, mabomba yana urefu sawa ili mapigo yafike kwa zamu. Ule mngurumo unatokana na mabomba yasiyolingana. Ukizitaka hizo hedas itabidi turbo na bomba lake vibadilishwe kuwa vya skrol moja, na turbo itachelewa kuamka.

Kibo4x4

Jambo jingine: kadi ya gari ina namba ya injini. Ukifunga nyingine, TRA wabadilishe kumbukumbu kabla hujafikiria kuuza. Risiti ya injini itunze. Na ukitaka kuileta ya Nairobi kupitia Namanga, ulizia ushuru kwanza, usije ukagundua ukiwa mpakani.

Mzee wa Spana

Boksa, bado hujasema oili ilikuwa imefika wapi kwenye dipstiki, wala filta hujaikata. Fungua na sampu, boliti ni ndogo na kazi ni ya saa moja kama injini imeinuliwa kidogo kwenye maunti. Tikisa konrodi kwa mkono, utajua ni moja au zote. Kranki ikiwa haijaguswa sana, hesabu ya namba 1 inabadilika kabisa.

Boksa_Arusha

Jumamosi nafungua sampu, nitaweka picha. Ya Gerezani namba yake nimepigiwa simu, wanasema "EJ20 turbo, ya STI".

DadaTurbo

😂😂

RangeYaTanga

Boksa, ukichoka ukaamua kuuza vipande, gia boksi ya spidi sita na difu ya kati yenye DCCD (ile dereva anayoirekebisha mwenyewe) niulize mimi kwanza. Nakuja nayo pesa taslimu.