Binti yangu anatupikia sote, na mwenyewe hali

Swali, kutoka kwa Mama wa Langoni, Lamu

Assalaam aleikum. Nina binti wa miaka 16, mtulivu na mwenye bidii ya masomo, ambaye tangu Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, hajaacha kufunga. Mwanzo alisema analipa siku zake za Ramadhani, nami nikafurahi. Zilipokwisha akaingia saumu za sita, kisha Jumatatu na Alhamisi, na sasa tumefika Mfunguo Tano anafunga hata siku ambazo sababu yake hanitajii. Ikiadhiniwa magharibi hufungua kwa tende moja na maji, kisha akaingia jikoni kutupikia mahamri, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka, akiwahimiza nduguze waongeze, ilhali yeye husema ameonja na yatosha. Amekonda hata bangili zinamtoka mkononi. Katika joto hili ambalo sisi twalala madirisha wazi, yeye huvaa sweta. Hedhi yake imekatika miezi mitatu, na jirani mmoja alinitia shaka iliyoninyima usingizi mpaka kipimo kilipoonyesha kwamba hana mimba.

Bibi yake amemnywesha kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, na babake asema ni deko. Nauliza kama haya ni maradhi, au ni shetani, au ni mimi niliyekosea, kwa maana katika matayarisho ya harusi ya dadake nilimwambia mbele ya watu kwamba gauni halimwingii, na maneno hayo hayanitoki moyoni.

Jibu la Muuguzi, Malindi

Waleikum salaam, dadangu. Siwezi kumthibitishia mtu ugonjwa bila kumwona, lakini dalili ulizozieleza zinatosha kumpeleka hospitali wiki hii, bila kungoja. Maradhi ya namna hii yapo na huitwa anoreksia. Mwaka 1873 madaktari William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliyaeleza, kila mmoja kwa upande wake, zama ambazo hapakuwa na simu wala picha za mitandaoni. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wetu hapa pwani hudhani ni jambo la juzi, au la watu wa mbali tu.

Hilo la kupika lisikushangaze. Mwishoni mwa mwaka 1944, huko Minnesota, Marekani, vijana 36 wa kiume waliokataa kupigana vita kwa ajili ya imani zao walijitolea kupunguziwa chakula kwa takriban miezi sita chini ya mtafiti Ancel Keys, ili ijulikane namna ya kuwahudumia watu walioathiriwa na njaa. Walikuwa wazima wa mwili na akili. Njaa ilipowakolea wakawa wanasikia baridi wakati wa joto, mapigo ya moyo yakapungua, wakajitenga na wenzao, na baadhi yao wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi na kuzungumzia chakula kutwa. Basi mengi unayoyaona kwa binti yako, hata yale yanayofanana na kupagawa, ni kazi ya njaa yenyewe juu ya ubongo, na ndiyo maana kumsihi kwa maneno peke yake hakufui dafu: akili anayotakiwa kuitumia ili aamue kula ndiyo iliyodhoofishwa kwa kutokula.

Kuhusu gauni, tafadhali jipunguzie mzigo. Sababu huwa nyingi na hushikana: maumbile ya kurithi yana sehemu kubwa, kisha tabia ya wasiwasi na ya kutaka kila kitu kikamilike, mabadiliko ya kubalehe, na mara nyingine kukonda kwa sababu nyingine kabisa, kama homa au saumu, ambako mtoto mwenye mwelekeo huo hushindwa kurudi. Neno juu ya mwili linaweza kuwa cheche, na ni vyema lisirudiwe nyumbani, lakini wasichana wangapi wameambiwa hivyo wasiugue?

Hospitalini omba apimwe mapigo ya moyo, shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, na damu yake kwa ajili ya madini. Mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika mchana akiwa macho, au akiwa anazimia, ni jambo la kulazwa. Jambo moja nakusisitizia: msimjaze uji mzito na samli kwa pupa nyumbani. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa kwa wingi ghafla, madini ya fosfati katika damu huweza kushuka hata moyo ukadhurika, kwa hiyo chakula kiongezwe chini ya uangalizi.

Jibu la Mwalimu wa madrasa, Lamu

Bibi, mambo ya tiba nawaachia wenyewe. Kwa upande wa saumu, aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula hata katika Ramadhani, na mwenye kufunga sunna anaruhusiwa kufungua hata bila ugonjwa. Nikubalieni nije nimweleze mbele ya babake, kwa sababu huenda anaona kula ni kuvunja ibada, na akisikia kwa mwalimu wake atapata njia ya kuacha bila kuona haya.

Jibu la Msichana wa Malindi

Shikamoo mama. Langu lilikuwa bulimia, ambayo daktari Gerald Russell aliieleza London mwaka 1979: nilikula kupita kiasi kwa siri, kisha nikajitapisha. Sikukonda. Tezi za mashavu zilivimba, na majirani wakanisifu kwamba nimenawiri, huku madini ya potasiamu katika damu yakishuka na moyo ukienda mbio usiku. Aliyegundua ni daktari wa meno, alipoona meno yamelika kwa ndani. Kwa hiyo wazazi wasitazame wembamba peke yake.

Nimesoma habari za visiwa vya Fiji, ambako mwili mnene husifiwa kama tunavyousifu sisi. Televisheni ilifika katika wilaya moja mwaka 1995, na mtafiti Anne Becker aliporudi mwaka 1998 alikuta wasichana wa shule wanaojitapisha ili wakonde, jambo ambalo hapo awali hakulikuta kwao. Nilijiona humo.

Kilichonisaidia ni mama kukaa nami mezani kila mlo na nusu saa baada yake, akizungumza mambo mengine, bila kuutaja mwili wangu kwa ubaya wala kwa sifa. Kupona kulichukua zaidi ya mwaka, na nilirudi nyuma mara mbili.

Mama wa Langoni

Ahsanteni nyote. Tulikwenda Jumanne. Mapigo yalikuwa 44, akalazwa siku ile ile, na daktari alipomwonyesha babake karatasi ya moyo, neno la deko halikusikika tena. Mwalimu alikuja wodini akazungumza naye peke yao na babake, nami sikuuliza walisema nini. Jana alikula nusu ya sahani ndogo ya wali, akilia, kwa muda wa saa nzima, nami nilikuwa nimekaa pembeni nikimsimulia habari za harusi ya jirani. Tukiruhusiwa tutarudi kila wiki kupimwa, na babake amesema yeye ndiye atakayempeleka.