Tupeane uzoefu: Nani aliwahi kukaa kikao cha kupanga ufukwe au mwalo wa kwao? Ilikuwaje?

Mpita Mialoni

Wakuu, habari za mihangaiko. Mimi ni mnunuzi wa samaki, kwa hiyo napita mialo (vituo vya kushushia samaki) mingi ya huku Mwanza, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi Kayenze na visiwani. Kuna jambo linanikereketa. Karibu kila nikipita nakuta kibao, bikoni au alama ya X nyekundu ukutani: hapa hapajengwi, hapa hapalimwi, hapa hapaanikwi. Ukiuliza nani aliamua unaambiwa "wananchi walishirikishwa". Ukiwauliza hao wananchi, wanakutazama tu.

Najua sheria ipo. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Najua pia Ziwa Victoria hili zaidi kidogo ya nusu yake liko kwetu Tanzania, asilimia 51, na wenye kauli juu ya ukingo wake ni wengi: halmashauri, bodi ya maji ya bonde, NEMC (baraza la mazingira la taifa), watu wa uvuvi, BMU (kikundi cha wananchi cha kusimamia mwalo), serikali ya kijiji. Kila mmoja na ramani yake mkononi.

Nataka stori za waliokuwemo. Ulikaa kikao? Ulisema nini? Kilichoandikwa kilifanana na ulichosema? Wenye nadharia wapumzike kidogo, zamu yao itafika.

Giza Totoro

Nifungue mimi. Niko upande wa Igombe, kwenye dagaa.

Kwa asiyejua, dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa juu. Kwa hiyo mwezi wetu una vipande viwili, giza na mbalamwezi. Wakati wa giza tuko majini usiku kucha, alfajiri tunashusha mzigo, halafu tunalala. Mbalamwezi tunashona nyavu, tunaziba mitumbwi, tunabishana mpira.

Sasa kikao cha mpango wa mwalo kikaitishwa saa 4 asubuhi, giza limekolea. Wavuvi waliofika ni wale ambao injini zao zilikuwa mbovu. Waliojaa ni wenye maduka, wenye nyumba za kupangisha, na matajiri wa mitumbwi ambao hawajalowa maji tangu enzi za karabai. Wakapitisha kwamba mitumbwi ya dagaa ihamie upande wa mawe ili ufukwe wa mchanga ubaki kwa ajili ya uwekezaji. Upande wa mawe! Aliyewahi kuegesha mtumbwi wenye shehena pale, upepo wa mwezi wa 7 ukivuma, anajua mbao zinavyolia.

Hatukufanya fujo. Katibu wetu wa BMU ni mtu mpole lakini king'ang'anizi wa karatasi. Akaandika barua kikao kirudiwe, na akaomba jambo moja tu: kiwe jioni, wakati wa mbalamwezi. Waliporudi wakakuta watu hawaenei. Kikao kilikwenda hadi taa zikawashwa.

Mitumbwi ikabaki mchangani, ikaachwa njia ya gari la mzigo, na huo upande wa mawe ukafungwa, usivuliwe kabisa. Hilo la kufunga mawe halikuwemo kwenye ramani ya wataalamu. Wazee ndio waliolileta, wakasema samaki wadogo wanajificha mle na makokoro, zile nyavu za kukokota, yanawamaliza. Amini usiamini, ndicho kipengele kinacholindwa kuliko vyote. Kijana akionekana na kokoro pale, hata doria haiitwi. Anakutana na sisi kwanza.

Mama Chanja

Mdogo wangu Giza, umesema vizuri ila umetusahau tunaowapokea hiyo alfajiri.

Sisi tunaanika. Kwenye kikao cha kwetu (sitaji mwalo, nina wajukuu wa kulea) walikuja na mchoro mzuri wa rangi. Chanja zimepangwa huku, choo cha umma pale, ofisi kule. Nikaangalia choo kilipokaa: kati ya maji na chanja. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akasema akina mama mtasikilizwa mwishoni. Mwishoni tukafika saa 8, chakula kishaliwa, mgeni rasmi anaangalia saa.

Nikasema kwa ufupi. Mchana upepo huku kwetu unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Dagaa tunaanika mchana. Kwa hiyo choo chenu, wanangu, kitapuliza moja kwa moja kwenye mzigo wangu ambao mteja anataka asikie harufu ya dagaa tu. Vijana wa mchoro wakatazamana. Mmoja akauliza, "Mama, una uhakika na huo upepo?" Nikamwambia baki hapa hadi kesho.

Akabaki kweli! Huyo kijana nampa heshima yake mpaka leo. Kesho yake choo kikahamishwa juu, nyuma ya miembe, na shimo likawa mbali na maji pia.

Lakini nisiwadanganye, hilo ndilo pekee tulilopata. Tuliomba paa la kuanikia wakati wa masika, maana mvua moja ikikukuta dagaa wanageuka chakula cha kuku. Likaandikwa "limepokelewa". Bado limepokelewa.

Mbishi wa Nyegezi

Mimi sijawahi kuitwa popote na naishi mita 100 kutoka majini. Naomba nihesabiwe kama uzoefu.

Jaruba la Mwisho

Mkuu Mbishi umehesabiwa.

Mimi ni wa Magu, jirani na mto Simiyu unapoingia ziwani, ghuba ya Speke. Nalima mpunga na bustani. Kwetu ugomvi haukuwa choo wala mitumbwi, ulikuwa swali moja: mita 60 kutoka wapi?

Mnakumbuka 2020 ziwa lilivyojaa. Majaruba yangu ya chini yalizama, mafunjo yaking'oka yanaelea kama visiwa, nyumba za ukingoni zikaliwa. Maji yaliposhuka kidogo wakaja watu na kamba kupima. Wakapima kutoka maji yalipokuwa siku hiyo. Jirani yangu akawa nje ya mstari kwa hatua chache, mimi nikawa ndani. Msimu uliofuata maji yakasogea tena, kwa hesabu hiyo hiyo jirani naye akawa ndani. Kila mtu akawa na mstari wake.

Tuna jumuiya ya watumia maji, zile zilizowekwa na Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009. Jumuiya ikaitisha kikao, safari hii wakaitwa wazee, na siyo kwa ajili ya kufungua kwa sala tu. Babu mmoja akatupeleka kwenye mwamba. Akasema mvua za Uhuru, 1961 kuendelea, ziwa lilipanda kupita kimo cha mtu, likafika hapa, na mwaka 1964 ndipo lilipokuwa juu kabisa. Mzee mwingine akabisha, akasema lilifika kule kwenye mkuyu. Wakabishana kwa Kisukuma nusu saa nzima, wataalamu wanaandika tu. Baadaye afisa wa bonde akasema kwenye vitabu vyao 2020 maji yalifika kiwango kile kile cha 1964, kwa hiyo alama za wazee na za juzi zinapaswa kukutana. Tukaenda kuzitazama kwa pamoja, na kweli zilikaribiana.

Tukakubaliana hivi: alama ya kupimia iwe ile ya maji ya juu. Chini yake mafunjo yaachwe yaote, asilime mtu. Mdomo wa mto usitegwe nyavu mvua zinapoanza, kwa sababu ndipo samaki aina ya ningu wanapopanda mto kwenda kutaga, na tukiwakinga mlangoni tutabaki kuwasimulia wajukuu. Kuna waliopoteza eneo, mimi nikiwemo. Nilinung'unika, na bado nanung'unika nikiona udongo ule mweusi umelala bure. Ila sikuweza kusema sikuwepo.

Kilichobaki kigumu ni fidia. Hapo kila mtu alikuwa na simu ya kupokea.

Mstaafu wa Halmashauri

Naomba niseme kutoka upande wa pili wa meza, wakuu, mnipige mawe taratibu. Nilikuwa mtumishi kwenye halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, sitaitaja.

Mnauliza kwa nini kikao kinawekwa saa 4 asubuhi wakati wa giza. Jibu ni dizeli. Gari moja, idara nyingi, fedha inaingia wiki ya mwisho ya robo mwaka na lazima itumike. Ukipata gari Jumanne, kikao ni Jumanne. Hakuna aliyetazama angani. Na ripoti inayodaiwa juu haina sehemu ya kuandika nani hakuja na kwa nini. Ina karatasi ya mahudhurio: majina, jinsia, saini. Ukiwa na saini za kutosha, wananchi wameshirikishwa.

Lakini niliona pia upande mwingine. Mradi wa mazingira wa Ziwa Victoria ulioanza 1997 ulitukuta gugumaji limefunika ghuba zote. Wataalamu walileta mbawakavu wa kulitafuna, na vijiji vikapewa kazi ya kuling'oa kwa mikono kwenye mialo na kulinda mabwawa ya kuzalishia hao wadudu. Pale hapakuwa na haja ya karatasi. Mtumbwi haupiti, samaki hauzwi, maji hayachoteki, nani abaki nyumbani? Watu walikuja bila posho. Posho ilikuja baadaye, na ilipozoeleka, ilipokatika na watu wakakatika. Hilo mlitafakari na ninyi wa mialoni, lawama siyo za ofisini tu.

Mama Chanja

Posho tusisingiziwe baba. Mie nikija kikaoni siku nzima nimepoteza siku ya kuanika. Wewe mshahara wako ulikuwa unakimbia hata ukisinzia.

Mstaafu wa Halmashauri

Nimekubali dada, hapo umenibana.

Mtoto wa Mabatini

Mimi natokea mjini, kando ya mto Mirongo. Najua uzi ni wa ufukwe ila naomba mnivumilie, kwa sababu mto wetu unamwaga humo humo ziwani.

Kwenye kikao cha mtaa kuhusu usafi wa mto, kila aliyesimama alisema kuhusu taka za plastiki. Tufanye usafi Jumamosi, tuweke vibao, faini iongezwe. Akasimama kijana mmoja wa kubeba mizigo akasema, "Tunaogopa kusema kuhusu kutapisha vyoo." Kimya. Wote tunajua. Nyumba ziko kwenye mawe huko mlimani, shimo halichimbiki kwenda chini, gari la kunyonya halipandi. Mvua kubwa ikinyesha usiku mtu anafungua tundu, choo kinashuka na maji hadi Mirongo, Mirongo hadi ziwani. Na mji unakunywa maji ya ziwa hilo hilo. Magugu nayo yanashibia hapo. Mwanzoni mwa 2025, aina nyingine ya magugu iliposonga vivuko vya Kigongo–Busisi, watu walidhani imetokea mbinguni.

Baada ya kauli ile kikao kiligeuka. Ikaacha kuwa habari ya vibao, ikawa habari ya bomba dogo la majitaka linaloweza kupita katikati ya mawe, na nani atakubali lipite uani kwake. Nyumba tatu za kwanza zikikataa, zote za juu hazipati. Tulitumia vikao vingi kubembelezana. Mwenye nyumba mmoja alikubali baada ya mkwewe kuja kutoka Misungwi kumsihi. Hiyo ndiyo mipango shirikishi ninayoijua, wakuu.

Boya Jekundu

Buchosa hapa. Nasema kuhusu vizimba vya kufugia samaki ziwani. Baada ya uzinduzi ule wa Januari 2024, Rais alipokuja Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya mikopo, kila kikundi kinataka eneo la maji. Kwetu eneo lilichorwa mezani, likakaa juu ya njia tunayopitisha nyavu za sangara. Kelele zikaanza.

Kikao kilichotatua hakikukaliwa kwenye viti. Viongozi wa kikundi cha vizimba, BMU na afisa uvuvi waliingia kwenye boti mbili, wavuvi wakaonyesha: hapa tunapita, hapa maji yanatulia mno, joto likizidi samaki wanahema juu, ukiweka kizimba hapa utazika mtaji. Maboya yakawekwa palepale majini. Eneo likasogea mbali zaidi na nchi kavu, wenye vizimba wakalalamika mafuta yataongezeka, wavuvi wakakubali kuwasaidia ulinzi wa usiku. Mpaka sasa amani ipo, japo boya moja huwa "linahama" lenyewe.

Mpita Mialoni

Hili la boya limenichekesha. Asanteni sana wakuu. Swali langu kwa Giza, Jaruba na Boya: hayo makubaliano yana nguvu gani? Kesho akija mwenyekiti mpya akasema hayatambui?

Giza Totoro

Ya kwetu yapo kwenye muhtasari wenye mhuri, nakala moja iko kwa katibu, nyingine nyumbani kwangu. Kabla kikao hakijafungwa tulidai usomwe kwa sauti.

Jaruba la Mwisho

Muhtasari peke yake hautoshi, mkuu. BMU na jumuiya wanapendekeza tu. Ili mtu atozwe faini lazima iwe sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, halafu inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Ya kwetu ya kufunga mdomo wa mto imeshapita kijijini. Iko wilayani.

Mbishi wa Nyegezi

Tangu lini?

Jaruba la Mwisho

Tangu ningu wa mwaka jana.

Mstaafu wa Halmashauri

Usisubiri. Mwone diwani wako aulize kwenye baraza ipo hatua gani, na aulize kwa maandishi. Ikikosa mwenye kuiulizia, inakaa chini ya mafaili mengine. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze barua inavyoandikwa.