Tupeane uzoefu: ni wapi palikuwa pagumu zaidi katika kusomea Kiarabu chuoni?

Mwana wa Mtambile
Assalamu alaykum. Mdogo wangu amepata nafasi ya kusomea shahada ya Kiarabu Unguja, na nilipomwona anapanga mushafu begini kwa furaha, nilikumbuka wiki za mwanzo za darasa letu. Sisi tuliotoka madrasa tulizoea maandishi yenye alama za irabu, fat-ha, kasra na dhumma, kila mahali. Mwalimu akatugawia ukurasa wa gazeti la Misri usio na hata alama moja, akataka kila mtu asome kwa sauti na kueleza kwa nini kila neno linaishia vile linavyoishia. Vijana waliohifadhi juzuu thelathini walinyamaza. Naomba mliopita njia hiyo mueleze palipowakwamisha na mlivyopavuka, ili nimfikishie.

Binti Wete
Ukimya huo naujua. Darasa letu lilikuwa hivyo hivyo.

Mkaazi wa Fuoni
Aanze na Ajurrumiyya kabla hajapanda meli. Ibn Ajurrum, aliyefariki mwaka 1323 huko Fez, aliandika kitabu hicho kidogo cha nahau ambacho misikiti yetu inakisomesha mpaka leo. Mwenye kuijua raf'u na nasbu, yaani hali zinazoamua irabu ya mwisho ya neno, hatishwi na gazeti.

Msomaji wa Amani
Maalim, hapo sikubaliani nawe. Nimesoma na watu walioihifadhi Alfiyya, utenzi wa nahau wa Ibn Malik, beti zake zote elfu, lakini walipougua Cairo hawakuweza kumweleza daktari wanaumwa wapi. Mdogo wake azungumze kwanza, nahau itamkuta njiani.

Mkaazi wa Fuoni
Watu wa Cairo majumbani hawazungumzi fus-ha, yaani Kiarabu sanifu, kwa hiyo lawama hiyo si ya Ibn Malik. Bila ya nahau, mtu ataongea na kila muuza duka na asiweze kusoma hata ukurasa mmoja wa tafsiri ya Qur'ani.

Kijana wa Konde
Mnabishana juu ya jambo ambalo mimi nililiona kwa macho yangu. Nilikuwa Khartoum, Sudan, nikisoma lugha vita vilipoanza Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Umeme ulikatika, maji yakafuata, tukawa tunafuturu gizani huku milio ya mizinga ikitoka upande wa uwanja wa ndege. Tulipopata basi la kuelekea mpaka wa Ethiopia, tulisimamishwa kwenye vizuizi vingi. Katika kizuizi kimoja askari kijana aliingia ndani, kidole kikiwa kwenye bunduki, akauliza jambo kwa lahaja ya haraka. Mwenzetu aliyekuwa akiongoza darasa kwa nahau alimjibu kwa fus-ha iliyonyooka, yenye irabu zote za mwisho, kama mtangazaji wa habari. Askari akamkazia macho, akamtaka asimame, akaanza kulipekua begi lake. Hapo dada mmoja wa Micheweni, ambaye kila asubuhi alikuwa akizungumza na mama muuza fuul, maharage ya kupikwa, nje ya bweni, akadakia kwa lahaja ya pale pale. Alimwita askari ndugu yake, akamweleza kuwa sisi ni wanafunzi kutoka Zanzibar, kwamba tumefunga na tunarudi kwa wazee wetu. Askari alimrudishia mwenzetu begi, akatuombea salama, akashuka. Daftari zangu zote za balagha, elimu ya ufasaha wa lugha, zilibaki bwenini.

Binti Wete
Subhanallah. Dada huyo alifika salama?

Kijana wa Konde
Alifika, alhamdulillahi. Sasa anasomesha Kiarabu katika skuli moja hapa Pemba.

Msomaji wa Amani
Maalim wa Fuoni, umesikia?

Mkaazi wa Fuoni
Nimesikia, na nimemuombea dua. Lakini dada huyo naye alikuwa mwanafunzi wa nahau.

Binti Wete
Tumrudie anayeanza. Kwangu pagumu palikuwa Nyaraka za Taifa, Kilimani, niliposoma barua za zama za Sayyid Barghash, aliyeitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Mwandishi huacha kuweka nukta za herufi, huunganisha herufi zisizoungana, na wino umefifia penye mkunjo wa karatasi. Asubuhi nzima nilikuwa nikiitazama barua moja bila ya kupata maana. Kilichonifungulia ni salamu: dua na sifa za mwanzo hufanana barua kwa barua, kwa hiyo nilijifunza mkono wa mwandishi katika maneno niliyokwisha kuyajua, kisha nikaushukia ujumbe wenyewe, ambao ulikuwa mistari michache tu kuhusu deni la shamba la mikarafuu.

Mtu wa Chake
Mimi lilinilemea somo la dini nyengine. Sikuona kwa nini nisome Wakristo na Mayahudi walioandika kwa Kiarabu, ilhali nimekuja kujifunza lugha ya Qur'ani.

Msomaji wa Amani
Ndugu yangu, Hunayn ibn Ishaq alikuwa Mkristo, na ndiye aliyewafasiria watu wa Baghdad vitabu vya tiba vya Kiyunani. Na hapa hapa kwetu, padri Godfrey Dale alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1923. Utaufahamu vipi ukali wa Sheikh Abdulla Saleh Farsy katika tafsiri yake ya 1969 ikiwa hujui alikuwa akiwajibu nani?

Mtu wa Chake
Hayo ya Sheikh Farsy nayakubali. Hata hivyo, yangesubiri mwaka wa pili.

Mkaazi wa Fuoni
Mwana wa Mtambile, ninayo Ajurrumiyya yenye sharhi, yaani maelezo. Mdogo wako akishuka Malindi, apite Fuoni baada ya Alasiri aichukue.

Msomaji wa Amani
Akitoka huko aje Amani. Baada ya Isha hapa kwetu tunazungumza Kiarabu kitupu.