Je, Urusi imekuwa mbia mdogo wa China?

Mwanzisha mada

Ndugu wasomaji, husemwa mara kwa mara kwamba Urusi na China zimeshikana kuikabili Marekani, na ushahidi unaotolewa ni tamko la Februari 4, 2022, ambamo Vladimir Putin na Xi Jinping walieleza kuwa urafiki wa nchi zao hauna mipaka. Mimi naona vingine. Urusi imeachana na mnunuzi wa Ulaya ikaangukia mikononi mwa mnunuzi wa Asia, na huyu wa pili ni hodari zaidi wa kupatana bei.

Tuyaweke matamko kando, tutazame mabomba ya gesi. Kabla ya vita vya Ukraine, Ulaya ilipokea kwa mabomba takriban mita za ujazo bilioni 150 za gesi ya Urusi kwa mwaka. Bomba la Nguvu ya Siberia, lililofunguliwa Desemba 2019 kuelekea China, lina uwezo wa bilioni 38 tu, tena gesi yake hutoka visima vya Siberia ya Mashariki, ambavyo havijaunganishwa na vile vya Yamal, rasi ya kaskazini-magharibi mwa Siberia, vilivyokuwa vikihudumia Ulaya. Kwa hiyo gesi iliyokosa soko magharibi haiwezi kugeuzwa tu ikaelekezwa mashariki; inahitaji bomba jipya, la kupitia Mongolia, la bilioni 50. Bomba hilo limezungumzwa kwa miaka mingi, na Septemba 2025 Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, ilipotangaza kwamba hati imetiwa saini, ilisema pia kwamba bei itajadiliwa baadaye. Mkulima aliyewahi kumsubiri dalali huku nyanya zikimwivia shambani anajua subira ya namna hiyo inamnufaisha nani.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, sina ugomvi na hesabu zako, ila umeipima siasa ya nje kwa mizani ya dukani. Mwaka 1969 askari wa Kisovyeti na wa China waliuana katika kisiwa cha Damansky, ndani ya mto Ussuri, na kwa miaka iliyofuata Moscow ililazimika kurundika majeshi mpakani. Rais Nixon wa Marekani alipotua Beijing mwaka 1972, Moscow ikajikuta ina mahasimu wawili wanaozungumza wao kwa wao. Uhasama ule ulifika hata kwetu, kwani miongoni mwa vyama vya ukombozi vilivyokuwa na ofisi Dar es Salaam, ANC ya Afrika Kusini iliegemea Moscow na PAC, ya huko huko, ikaegemea Beijing.

Mgogoro wa mpaka ulikwisha kabisa mwaka 2008. Leo mpaka huo wa zaidi ya kilomita 4,000 una utulivu kiasi kwamba mwaka 2022 Urusi iliweza kuvitoa vikosi vyake Mashariki ya Mbali na kuvipeleka Ukraine. Niambie ni punguzo gani la bei ya gesi linalofikia thamani ya utulivu huo.

Mchangiaji wa pili

Naongeza jambo moja. Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuhusu uvamizi wa Ukraine, nchi 141 ziliunga mkono azimio la kuulaani, 5 zilipinga na 35 hazikuegemea upande wowote. China ilikuwa katika hizo 35, pamoja na India, Tanzania, Uganda na Burundi, ilhali Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono. Aliyesimama na Urusi waziwazi kutoka bara letu ni Eritrea, ambayo haikuwahi kuahidi urafiki usio na mipaka. China haijaitambua hata Krimea, rasi ambayo Urusi iliitwaa kutoka Ukraine mwaka 2014, kuwa ardhi ya Urusi.

Mwanzisha mada

Nakubali hoja ya mpaka. Niliipita haraka mno. Hata hivyo, utulivu huo unategemea ridhaa ya jirani. Eneo ilipo Vladivostok lilichukuliwa kutoka kwa China kwa mkataba wa mwaka 1860, na mwaka 2023 wizara husika ya China iliagiza ramani zake ziuandike mji huo kwa jina la Kichina pia. Sisemi kwamba Beijing inaidai ardhi hiyo, maana mikataba iko wazi. Nasema tu kwamba haijaisahau.

Swali langu kwa wanaopinga ni hili. Mwaka 2022 nchi za Magharibi zilizuia takriban dola bilioni 300 za akiba ya Urusi, biashara yake kubwa ikahamia China, ambako mwaka 2023 ilifikia takriban dola bilioni 240, kiasi ambacho kwa China ni sehemu ndogo ya biashara yake yote. Je, mlango wa tatu uko wapi? Mtanitajia India, nami nakubali kwamba inanunua mafuta kwa wingi. Lakini mafuta hupakiwa melini na meli hubadili njia, ilhali gesi ya Yamal itabaki chini ya ardhi mpaka mwenye kisima na mwenye soko wapatane bei.