Mjadala: Gadi wa chuo Marekani, aondoke baada ya msimu mmoja au abaki?

Mtoa mada
Wakuu, tangu drafti (uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya) ya 2006, NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, inamtaka kijana wa Kimarekani awe na miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake limalize sekondari. Ndiyo maana wengi wanacheza chuo msimu mmoja na kuondoka. Kwa senta, yule mrefu wa karibu na kikapu, sina neno. Kwa gadi, mchezaji wa nje mwenye mpira, hasa pointi gadi anayeongoza mashambulizi, nasema ni haraka yenye hasara.

Angalieni kazi yake. Mwenzake anamwekea skrini, yaani anasimama kumzuia mlinzi wake, naye papo hapo amsome senta wa upinzani. Senta akirudi nyuma kulinda kikapu, gadi atupe kutoka mita nne au tano. Akipanda kumbana, pasi imfikie aliyeweka skrini kabla mlinzi wa upande wa pili hajaziba njia. Walinzi wakibadilishana watu wa kukaba, gadi arudi hatua mbili amvute senta nje. Kijana wa msimu mmoja kwa kawaida anasimamisha dribo mapema, mpira unamfia mikononi, na pasi inayofuata inaporwa. Hilo halitibiwi kwa mazoezi ya peke yako. Linahitaji mechi nyingi mpira ukiwa mikononi mwako.

Stephen Curry alikaa chuo cha Davidson misimu mitatu. Msimu wa 2007-08 alikuwa shuti gadi, gadi wa kufunga, na aliweka rekodi ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo) ya mitupo 162 ya pointi tatu, timu ikafika nane bora ya mashindano makubwa ya Machi na kufungwa na Kansas 59-57. Angeweza kuondoka pale pale. Alibaki, na kwa kuwa Jason Richards, pointi gadi wa timu, alikuwa amemaliza chuo, akahamia pointi gadi. Asisti, yaani pasi za kufungisha, zikapanda kutoka 2.9 hadi 5.6 kwa mechi, na bado akaongoza nchi nzima kwa pointi, 28.6.

Mpenda Namba
Mkuu, umesahau kusema kwamba msimu huo Davidson haikuingia kabisa mashindano makubwa ya Machi. Na hesabu ya umri umeiruka. Mkataba wa raundi ya kwanza unaweza kwenda miaka minne. Anayeingia na miaka 19 anafikia mkataba mnono akiwa na 23. Wa miaka 22 anasubiri hadi 26. Derrick Rose alicheza chuo cha Memphis msimu mmoja tu, akachaguliwa wa kwanza 2008, na 2011 akawa MVP (mchezaji bora wa msimu wa NBA) mdogo kuliko wote. Aprili 2012 kano ya goti ikakatika. Kila mwaka ambao angebaki chuoni ungekuwa mwaka wa mwili mzima uliotumika bila mshahara.

Kuna Jonny Flynn pia. 2009 alicheza dakika 67 katika ile mechi ya vyuo vya Syracuse na UConn iliyokwenda vipindi sita vya nyongeza. Akaondoka baada ya misimu miwili, akachaguliwa wa sita, nafasi moja mbele ya Curry. 2010 akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na NBA ikamwisha mapema. Alifanya vizuri kutosubiri.

Kocha wa Vijana
Rose na Flynn walikuwa na uhakika wa raundi ya kwanza, Mpenda Namba. Huko miaka miwili ya kwanza ya mkataba inalindwa. Nafasi ya 31 mpaka 60, yaani raundi ya pili, haina ulinzi huo, na wengi wanaishia mkataba wa njia mbili, wa kugawana muda kati ya NBA na ligi yake ndogo, nusu ya mshahara wa chini wa NBA. Jalen Brunson, gadi, alitwaa ubingwa na chuo cha Villanova 2016 na 2018, akawa mchezaji bora wa vyuo, na bado alichaguliwa wa 33. Nani anaamini angepata nafasi nzuri zaidi kama angeondoka 2016?

Uwanja nao unabadilika. Mstari wa pointi tatu chuoni uko mita 6.75, NBA 7.24 juu ya duara. Saa ya shambulizi inashuka kutoka sekunde 30 hadi 24. Chuoni senta anaruhusiwa kuganda chini ya kikapu. NBA, kama hana mtu wa kukaba, sheria ya sekunde tatu inamtoa.

Ila naomba tuzingatie mechi ya Loyola ya Maryland, Novemba 2008. Waliweka walinzi wawili kwa Curry usiku mzima. Alitupa mara tatu tu, hakupata pointi hata moja. Alikwenda kusimama pembeni akiwavuta wote wawili, wenzake wakacheza wanne kwa watatu. Davidson ikashinda 78-48. Kijana anayewaza nafasi yake ya drafti angelazimisha mitupo ishirini usiku ule.

Mpenda Namba
Hapo nakubali, mwalimu. Mechi ile ni darasa.

Mshauri wa Wanafunzi
Hoja ya "bila mshahara" imepitwa na wakati. Tangu Julai 2021 mchezaji analipwa kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kumlipa moja kwa moja. Tatizo liko kwa vijana wanaotoka kwetu: viza ya F-1, ya mwanafunzi, haiwaruhusu kazi za nje ya chuo bila kibali. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, senta wa Kentucky, alifanya shughuli zake za matangazo timu ilipokwenda Bahamas Agosti 2022, nje ya Marekani. Kijana wa F-1 asisaini chochote kabla ya mwanasheria wa uhamiaji kukisoma.

Mtoa mada
Basi kwa gadi ambaye hana uhakika, njia ipo: ajiandikishe drafti, aombe tathmini ya kamati ya NBA, afanye majaribio na timu, kisha ajiondoe ndani ya siku 10 baada ya kambi ya NBA ya kupima wachezaji kumalizika. Haki ya kucheza chuo inabaki. Akiambiwa raundi ya pili, arudi, na kocha ampe mpira.

Mpenda Namba
Na akiambiwa ishirini bora?

Mtoa mada
Aende. Ila kama ni pointi gadi wa msimu mmoja, achague wakala atakayeiuliza kila timu swali moja: nani ataongoza mashambulizi yenu msimu ujao?