Dima ya kuzungusha au ya kubonyeza kwa sebule: ipi inajilinda ikipata joto au shoti?

Kibaoni77: Wakuu habari za jioni. Nipo hatua za mwisho za nyumba Kigamboni, fundi anakuja Jumamosi kufunga swichi. Sebuleni nataka taa za kupunguza mwanga. Kariakoo nimeonyeshwa dima mbili, yaani swichi za kupunguza mwanga. Moja ya kuzungusha, imeandikwa wati 500, bei ndogo. Nyingine ya kubonyeza, imeandikwa wati 200, bei karibu mara nne. Muuzaji anasema hii ya pili inajilinda yenyewe ikipata joto au shoti. Ni kweli, au ni maneno ya dukani? Nichukue ipi?

FundiNyaya: Mkuu, mbona hujataja taa? Ni LED, halojeni, au zile za volti 12 zenye transfoma? Jumla wati ngapi? Dima ngapi zitakaa boksi moja? Bila hayo kila atakayekujibu atakuwa anabahatisha.

Bi_Rehema: Na balbu zenyewe zimeandikwa kwamba zinakubali dima? Si LED zote. Mimi nilifunga za kawaida, zikawa zinapepesa usiku kucha mpaka macho yanauma.

MtuWaSaketi: Muuzaji hajakudanganya, ila tutofautishe kinga na kinga. Zile za kuzungusha za bei ndogo mara nyingi zina triaki, swichi ya kielektroniki. Triaki ikishawaka haizimiki mpaka mkondo ufike sifuri, na kwa umeme wetu wa hezi 50 mkondo unafika sifuri kila baada ya milisekunde 10. Shoti ikitokea hapo katikati haina wa kuizuia, ndiyo maana mtengenezaji makini huweka fyuzi ndani. Zile za kubonyeza zenye kinga hiyo huwa na transista, swichi ya kielektroniki inayozimika wakati wowote: saketi inapima mkondo, ukizidi inakata kwa mikrosekunde chache tu, ukiondoa shoti inarudi kazini. Kwa joto, zilizo bora zina thamista, kipande kidogo kinachopima joto. Boksi likichemka zinapunguza mwanga zenyewe, likizidi zinazima, zikipoa zinawaka tena. Nyingine zina fyuzi ya joto, na hiyo ikikatika ndiyo basi, haifufuki.

Pwani_Likoni: Mie huku Mombasa natumia za triaki miaka yote, hazijanisumbua. Taa zangu zina transfoma nzito za koili. Hapo dima ya transista haifai kabisa: ukikata mkondo ghafla kwenye koili, volti yaruka juu na transista yaungua. Msimtishe mwenzetu na triaki.

MtuWaSaketi: Hapo nakubali ndugu. Kwa transfoma ya koili, triaki iliyoandikwa kwamba inafaa kwa koili. Kwa LED nyingi na transfoma za kielektroniki, transista.

MzeeWaTanga: Kijana, sikiliza yaliyonipata. Nilikuwa na ukumbi mdogo wa shughuli. Fundi akafunga dima tatu za triaki kwenye boksi moja la plastiki, kila moja imebebeshwa karibu wati 400 ilizoandikiwa. Hakuna aliyefikiri kwamba kila dima inatoa joto la wati mbili tatu, na zote zimebanana nyuma ya plasta, hewa haipiti. Zile namba za pakiti ni za dima moja, mahali penye ubaridi. Tanga mwezi wa pili ukuta wenyewe ni wa moto. Siku ya harusi fyuzi ikakatika. Fundi akafunga waya wa shaba mahali pa fyuzi ili shughuli iendelee. Wiki iliyofuata balbu moja ya halojeni iliungua kwa kishindo, na taa zote za laini ile zikabaki mwanga kamili, hata ukizungusha hazishuki. Triaki ilikuwa imekufa kwa kujishika, yaani inapitisha umeme muda wote. Hatukujua, tukaendelea kutumia. Harufu ya plastiki ndiyo iliyotushtua. Nilipofungua, boksi lilikuwa kahawia na waya zimekauka kama majani. Ukumbi ulikuwa na watoto siku ile. Fyuzi ile ilikuwa inatulinda, nasi tukaiua kwa mikono yetu.

Kibaoni77: Pole sana mzee wangu. Lakini si kuna breka ya ampea 10 kwenye bodi? Haitoshi?

FundiNyaya: Breka inalinda waya zako za ukutani. Dima ya wati 400 inabeba chini ya ampea 2. Ukiibebesha ampea 3 itaiva taratibu, na breka ya 10 haitashtuka hata siku moja.

Bi_Rehema: Na umeme wa TANESCO ukirudi baada ya kukatika? Kwangu uliua king'amuzi.

MtuWaSaketi: Ndani ya dima nzuri kuna varista inayomeza ile volti ya ghafla. Ila varista inachoka kila inapomeza. Kama mtaa wenu unasumbua, weka kinga kwenye bodi kuu.

Pwani_Likoni: Kwani lazima dima? Gawa taa mara mbili, swichi mbili, wageni wakija washa zote. Hakuna cha kuungua.

Bi_Rehema: Mwenzetu anataka mwanga wa kushuka polepole, si wa kuzima nusu.

Kibaoni77: Samahani kwa kuchelewa. LED 12 za wati 7, na taa ya kuning'inia yenye halojeni 5 za wati 40. Dima mbili, boksi moja la plastiki.

FundiNyaya: Yaani LED 84, halojeni 200. Hiyo ya wati 200 ukiipa halojeni peke yake tayari umeifikisha ukingoni. Badilisha hizo halojeni ziwe LED zinazokubali dima kwanza. Halafu soma kijikaratasi: wati za LED huandikwa pembeni, nazo huwa chache kuliko zile kubwa za mbele.

MzeeWaTanga: Na maboksi mawili, kijana. Usizibananishe.

Kibaoni77: Ukuta umeshapigwa plasta mzee. Kwenye boksi kuna waya mbili tu kwa kila dima.

MtuWaSaketi: Mbili? Basi hakuna nyutro hapo, ule waya wa kurudisha umeme. Hiyo ya kubonyeza inahitaji nyutro au haihitaji? Tuma picha ya mgongo wake.

Kibaoni77: Kesho nikipita Kariakoo nitapiga.